Kifaa Kilichopigiwa Hodi Mbili

Kernel ya kile kifaa, yaani programu kiini inayokiendesha, niliiandika mwenyewe, na sitaficha kwamba nilijivuna nayo. Mezani kwangu Iyunga kilipima unyevu wa mpunga wiki nzima bila kukwama. Kilipofika Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa ya kikundi cha shangazi yangu, kiliganda mara tatu siku ya kwanza.

Shangazi, aliyeolewa huko akitokea kwetu Iringa, ndiye aliyenidhamini kwa wenzake. Alinipigia simu, shikamoo yangu hata haikuisha. "Jumamosi wanaking'oa. Na mimi ndiye niliyewaambia mtoto wa kaka yangu anajua kazi." Nilikasirika. Nilikuwa na hakika wanakichezea. Nikachapa karatasi ya herufi kubwa, USICHEZEE KITUFE, nikapanda basi.

Nilimkuta shangazi katikati ya magunia. Akamimina mpunga kwenye kikombe cha kifaa, akabonyeza kitufe, na kabla jibu halijatokea akabonyeza tena. Kioo kikaganda.

"Shangazi, mbona mara mbili?"

"Kwani wewe ukifika kwa watu unapiga hodi moja halafu unanyamaza?"

Wenzake wakacheka. Wote walibonyeza hivyo hivyo. Mimi, peke yangu mezani, nilibonyeza mara moja siku zote.

Nikafungua laptop juu ya gunia. Prosesa, ubongo wa kifaa, ina hali mbili: ya kernel, yenye ruhusa ya kugusa kila kitu, na ya mtumiaji, ambamo programu ya kupima inakaa ndani ya mipaka yake. Kitufe kikibonyezwa, prosesa inaingia hali ya kernel, ikimaliza inarudi ilikotoka. Hiyo "ilikotoka" mimi niliihifadhi mahali pamoja tu. Hodi ya pili ilipoingia kabla ya kwanza kujibiwa, ilifuta maandishi yale na kuandika kwamba tumetoka kwenye kernel. Basi programu ya kupima ikarudishiwa funguo za nyumba nzima, ikamwaga namba zake juu ya kernel yenyewe. Kosa lilikuwa langu, tena la kizembe. Niliona aibu.

Kulirekebisha hakukunitisha, hapo ndipo ninapojiamini. Mistari sita: kila hodi ihifadhi hali yake, kwenye nafasi yake, na irudi nayo hiyo hiyo.

"Bonyeza, shangazi. Bonyeza unavyotaka."

Akabonyeza mara mbili. Akabonyeza tatu. Wenzake nao wakajaribu, na kila mara kioo kiliandika: BADO, yaani mpunga haujakauka vya kutosha kukobolewa. Shangazi alichukua punje moja, akaing'ata kwa jino la pembeni, kama anavyopima tangu ujana wake. Meno yale yangesema vingine, kifaa kingeng'olewa siku ile ile.

"Bado kidogo," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Mtoto wa kaka yangu huyu."

Halafu akaniangalia mkononi. "Na hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ya kukufungia mpunga wa kuonja, shangazi," nikajibu, nikaikunja haraka, maandishi kwa ndani.