Raba na Nyumba ya Nne

Jina la Raba nilimbandika mimi, na sijutii. Muuguzi wetu wa afya ya akili alipofika kituoni miaka saba iliyopita, alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka, na miguuni raba za kijani, saizi ya mwanamume. Nikamuuliza kama anakuja kazini au anakwenda mashindanoni. Akanijibu kwa uso mkavu kwamba bado hajajua, itategemea wagonjwa wanakaa mbali kiasi gani. Tangu siku hiyo mimi ni karani wa mapokezi na yeye ni Raba, na watu wazima wenye heshima zao huingia wakaulizia Raba bila hata kutabasamu.

Kitengo chetu kiko mwisho kabisa wa kituo cha afya, ukishapita chumba cha chanjo. Zamani kilikuwa stoo. Mimi nina meza, simu, daftari kubwa, na kabati la mafaili ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka uipige teke. Chumba cha ndani ni cha Raba: viti vitatu, mkeka, na boksi la vitu vya kuchezea, maana tunahudumia watu wazima, watoto na familia nzima nzima, na mtoto hawezi kukueleza yanayomsumbua ukimkalisha kwenye kiti mkatazamana. Daktari huja Ijumaa. Siku nyingine zote tuko wawili, na wa kutembea ni yeye.

Na anatembea kwelikweli. Asubuhi anapokea watu kituoni, mchana anawafuata majumbani wale wasiokuja. Mume wake, seremala mpole sana, aliwahi kuniambia kwamba alioa mwanamke lakini anaishi na jozi ya viatu. Binti zao walizificha raba hizo siku moja ili mama apumzike. Akatoka na kandambili, akarudi na malengelenge na habari za nyumba tano.

Ana mambo yanayonikera, nayasema wazi. Hamalizi chai. Ripoti zake anaziandika kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe huniletea nimsomee. Na akifika mlangoni kwa mtu hasemi ametoka wapi. Hilo la mwisho najua lina maana yake, kwa kuwa majirani wana masikio, na familia nyingi ziko radhi kuteseka kimya kuliko kusikika zimetembelewa na watu wa akili. Kwa hiyo Raba hupiga hodi, husalimia, halafu husema tu kwamba ameagizwa kuja kuwajulia hali. Hataji kituo, hataji ugonjwa, hataji jina la mtu. Wanaomhitaji humkaribisha. Ni utaratibu mzuri. Ndio uliotuponza, lakini ni mzuri.

Jumatatu moja alipiga simu mwanamume akinong'ona. Alisema nyumbani kwake kuna mtu halali, hali chakula, haongei. Nilipomuuliza jina akasema tuje tu. Nilipaswa kuuliza umri, na kama mgonjwa ni mwanamke au mwanamume, fomu inataka hivyo. Lakini yeye alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa, saa saba ilikuwa imeshapita. Akanielekeza: mtaa wa nyuma ya shule, ukifika kwenye bomba la maji kata kushoto, nyumba ya nne. Nikaandika vilevile, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Raba akaenda Jumatano. Alirudi uso umekunjuka. Nyumba ya nne alimkuta mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, anayeishi peke yake. Halali. Hali mpaka akumbuke. Haongei, kwa kuwa hana wa kuongea naye. Kila kitu kililingana na maelezo, na alimkaribisha hata kabla hajamaliza salamu. Wiki ya pili mwalimu alikuwa amenyoa ndevu. Wiki ya tatu alikuwa amefua mapazia, na alikuwa anamfundisha Raba kuandika herufi zikasomeka, jambo lililonishinda kwa miaka saba. Nilimfungulia faili jipya na kujipongeza kimoyomoyo.

Kesho yake, Alhamisi, akaingia kijana aliyejifunga mkanda wa vifaa vya umeme kiunoni. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kwa nini tangu apige simu hatujafika. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha kwamba tumekwenda mara tatu.

"Kwangu hajaja mtu," akasema. "Mke wangu amejifungua miezi miwili sasa, na mtoto hamshiki. Mama yangu kasema Jumamosi anamchukua mjukuu wake moja kwa moja, na mke wangu arudi kwao. Nimeshindwa kumkatalia mama."

Nikalifunga daftari kwa aibu. Wiki zote tatu nilikuwa nimejisifu kwa faili la mtu mwingine. Raba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakunilaumu. Aliinama akakaza kamba za viatu, akaniambia nifunge ofisi, leo twende wote nikaione hiyo nyumba ya nne.

Kijana alitutangulia. Tulipopita bomba akasimama mbele ya nyumba ambayo Raba alisema ni ya tatu. Kijana akasema ni ya nne, akaionyesha kwa kidole ile ya kabla yake, ambayo ujenzi wake ulikatikia njiani, kuta tupu bila paa, majani yameota sebuleni. Kiwanja hicho ni cha baba yake mdogo, na kwao huhesabiwa nyumba kama nyumba nyingine. Raba hakuihesabu. Angempigia nani hodi mle? Basi Jumatano tatu mfululizo alikuwa amepita kwenye mlango huu, akienda na akirudi, mtoto akilia ndani.

Uani tulimkuta mama wa kijana ameinamia beseni la nepi, mjukuu kamlaza pembeni kwenye kikapu cha nguo. Mke wa kijana alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameelekea ukutani. Nilidhani Raba ataingia huko moja kwa moja. Hakuingia. Alivua viatu, akasogeza ndoo, akaanza kusuuza. Wakazungumza habari za madoa. Mtoto alipoanza kulia, bibi yake, ambaye mikono yake ilikuwa na povu, akaniamuru nimchukue. Nilikuwa sijashika mtoto mchanga miaka kumi na tano. Mtoto alinitazama usoni kwa makini sana, kisha akanilowesha suruali.

Nepi zilipokwisha kuanikwa, Raba aliingia chumbani akafunga mlango. Alikaa huko karibu saa nzima. Baadaye nilijua kwamba alimuuliza mgonjwa, bila kuzunguka, kama ana mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, na akajibiwa hapana. Walipotoka, mke wa kijana alikuwa ameshikwa mkono. Alikuwa msichana mwembamba, kafumba macho nusu kwa sababu ya mwanga. Alisema maneno machache, na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeyarudia mara nyingi peke yake.

"Mtoto wa watu anateseka kwangu. Akienda kwa bibi yake atapata mama."

Raba akatukalisha wote, hata mimi na suruali yangu. Akaeleza kwamba huu ni ugonjwa, unawapata kina mama wengi wakishajifungua, hauna uhusiano na roho mbaya wala uvivu, una dawa na unapona. Kesho daktari yupo. Lakini mtoto akiondolewa sasa, mama huyu ataamini kweli kwamba hafai.

Mama wa kijana alifuta mikono kwenye kanga, akasema hahitaji kufundishwa, ugonjwa huo anaujua. Raba akamuuliza kwa upole ameujulia wapi. Akatazama nepi zikidondosha maji kambani. Kisha yule mama akamwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Nilipomzaa huyu nilikuwa hivihivi. Mama mkwe wangu akaja akamchukua, na mimi nikashukuru. Nilipopata nafuu nikamfuata. Alikuwa na miaka mitatu. Akanikimbia, akajificha nyuma ya bibi yake."

Kijana alikuwa hajawahi kuambiwa. Nikageuza uso, maana si kila kitu ni cha karani kukitazama.

"Basi wewe ndiye tunayekuhitaji," Raba akasema. "Usimchukue mtoto, mama. Hamia wewe hapa."

Yule mama alisimama, akaninyang'anya mjukuu wake, akasema ninashika mtoto kama sinia. Akaongeza kwamba Jumamosi ameshaiahidi kwa watu wa nyumbani kwake, wameshaandaa mpaka kitanda. Tukaaga.

Nje, mwalimu mstaafu alikuwa ametoa kichwa dirishani, akataka kujua kwa nini muuguzi amekuja siku ambayo si Jumatano na hakuingia kwake. Raba alimweleza ukweli, kwamba yeye alitembelewa kwa makosa. Mzee akafikiri. Kisha akasema kwamba amesahihisha makosa ya watu kwa miaka thelathini na minne, na hili asingependa lisahihishwe, tumwandikishe rasmi. Tulicheka mpaka bombani. Kwa kweli mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimebakiza kidogo nilie.

Ijumaa mke na mume walikuja kituoni. Daktari akamwona mgonjwa, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Kuhusu Jumamosi hawakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza. Raba alikunywa chai yake yote, na kwa wanaomjua, hiyo ni dalili ya wasiwasi mkubwa.

Jumamosi hatufanyi kazi. Nyumbani nilifungua redio nikaizima, nikahamisha viti, nikavirudisha, mpaka mke wangu akaniambia kama kuna mahali nataka kwenda niende, nimwachie sebule yake. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama bombani, kwenye foleni ya maji.

Mlango ukafunguliwa, akatoka yule mama. Mjukuu mgongoni, amefungwa kanga barabara. Mkoba mkubwa begani. Nilifikiria wiki tatu, nyumba moja iliyorukwa, fomu moja ambayo sikuijaza kwa sababu ya tumbo langu, na nikajichukia kwa dhati.

Lakini mlango haukufungwa. Akatoka mke wa kijana naye, taratibu, akarudishia mlango, akafunga kwa ufunguo. Wakaja upande wangu. Yule mama aliponiona alinitazama juu mpaka chini.

"Karani, ndoo yako iko wapi?"

Sikuwa na ndoo. Nikajikaza, nikamuuliza wanaelekea wapi na mtoto.

"Namtembeza mama yake. Muuguzi wenu kasema kila asubuhi. Mtoto tumembeba tu, watu wasiulize maswali." Akaupigapiga mkoba. "Humu ni nepi. Nguo zangu nimezileta jana jioni, na kitanda walichoandaa kule watakilalia wenyewe."

Nikawapisha. Walikuwa wameshanipita hatua mbili tatu mke wa kijana aliposimama. Alikuwa hatazami mtu, anatazama kanga.

"Mama, hebu nimbebe kidogo. Mpaka pale dukani."

Mkwe wake alifungua fundo, akamhamisha mtoto, akambana mgongoni kwa mkaza mwanawe, akavuta kanga mara mbili kuhakikisha. Wakashika njia, mmoja na mkoba na mwingine na mwanawe.

Duka lile liko karibu sana na bomba, hata mtoto akitumwa sukari anarudi kabla maji hayajachemka. Niliwatazama mpaka walipolifikia. Mkwe alinyoosha mikono ampokee mtoto, yule binti akatikisa kichwa, na wakaendelea mbele.