Sabuni Yangu Ina Kostiki

Wifi yangu ndiye aliyeleta lebo mpya kutoka Nakuru, zimechapwa vizuri kwa rangi ya kijani na kufungwa kwa mpira. Aliziweka juu ya meza jikoni kwangu, Molo, akasubiri nizisifu. Zilisema: Sabuni Asilia. Haina Kemikali Yoyote.

Nilimwambia sitazibandika.

Tulikuwa tukifanya biashara pamoja tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipopunguza watu. Mimi nilitengeneza sabuni, yeye akauza kwenye kibanda chake mjini Nakuru. Ilitufaa sote. Mimi si mtu wa kuita wateja, naye hakuipenda ile harufu kali inayopanda ukimimina kostiki kwenye maji, maji yakapata moto pasipo jiko. Kila nilipochanganya alitoka nje, akasimama karibu na zizi la ng'ombe mpaka nimalize. Sasa mtu huyo huyo alikuwa ananiambia kemikali haimo.

Nilimweleza, ingawa alijua, kwamba bila kostiki mafuta ya nazi na ya alizeti yatabaki kuwa mafuta. Ukipima sawasawa, kostiki yote huungana na mafuta, haibaki ya kumchoma mtu. Sina cha kuficha, nikasema. Akajibu kwamba mteja hangoji maelezo marefu. Akiona kostiki anafikiria ile ya kuzibua choo. Basi tuandike magadi, akasema. Magadi watu wanatia kwenye mboga, hayamwogopeshi mtu.

"Magadi si kostiki," nikamwambia.

"Wifi, hilo ni jina tu."

"Kama ni jina tu, tuandike lake."

Alicheka, akazirudisha lebo mkobani. Nilidhani yameisha. Mara ya pili niliposhuka Nakuru kumpelekea mzigo, nilikuta kila kipande kibandani kimevalishwa lebo ya kijani juu ya ile yangu.

Kabla sijafungua mdomo, alifika mama mmoja amebeba mtoto wa kike. Alikuwa amenunua sabuni yetu ya mchaichai kwa sababu aliambiwa ni ya asili, haiwezi kudhuru ngozi ya mtoto. Akapandisha mkono wa sweta ya yule mtoto. Ngozi ya ndani ya kiwiko ilikuwa nyekundu na imechubuka, na mtoto alikuwa akiikuna hata tukimtazama.

Wifi hakusita. Alimwambia hiyo ni sumu inatoka mwilini, aendelee kumwosha, ngozi huchafuka kwanza kisha hutulia. Alisema kwa upole sana. Nadhani hata yeye aliamini.

"Usiendelee, mama," nikasema. "Mimi ndiye nimeitengeneza. Iko na mafuta ya mchaichai, na hayo yanaweza kuchoma ngozi ya mtoto. Iache kabisa, na umpeleke kliniki aonwe."

Aliniangalia, akamwangalia wifi. "Lakini si mlisema ni ya asili?"

"Ni ya asili. Na inawasha."

Hilo sikulisoma kitabuni. Baba yangu alilima pareto Kuresoi, ua jeupe lisilopitia kiwanda chochote, na msimu wa kuchuma vidole vyake vilivimba na kupasuka hadi mama akawa anamfungia vifungo vya shati. Ua hilo hilo huua viroboto. Na nyuma ya nyumba nyingi huku kwetu kumejiotea thabai, ile mimea inayowasha ukiigusa tu. Hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeitia dawa. Anayeamini kwamba cha asili hakidhuru, akaikalie.

Nilimrudishia yule mama pesa zake, nikaketi kwenye kiti cha wifi, nikaanza kubandua lebo za kijani kwa kucha. Mteja mwingine akasimama, akauliza kama sabuni iko na kemikali.

"Iko," nikasema. "Hata maji ni kemikali. Niulize ni gani na imefanya kazi gani, nitakujibu."

Hakuuliza. Alienda zake. Wifi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemvunjia jina mbele ya watu. Ilikuwa kweli, na iliniuma, lakini sikuacha kubandua.

Jumapili, baada ya kanisa, mama mkwe alituita. Alisema watu wa nyumba moja hawavuani nguo sokoni, akanitaka niombe msamaha. Nilimwambia kwa heshima yote kwamba kwa kumwaibisha wifi, naomba. Kwa nilichosema, hapana. Mume wangu alikuwa anazungusha kikombe. Tulipofika nyumbani akasema ningemvuta yule mama kando. Labda. Ila mtoto hakuwa anajikuna kando.

Wifi siku hizi anachukua sabuni kwa mtu mwingine, na kibanda chake kimepanuka. Tukikutana kwenye matanga tunasalimiana vizuri. Yule mama alinipigia simu kuniambia ngozi ya mtoto imepona. Hajanunua tena, na simlaumu. Mimi nauza Molo siku ya soko, kidogo kuliko zamani. Lebo yangu inataja kostiki, inasema ya mchaichai isitumiwe kwa mtoto, na inasema rangi ya njano ya sabuni hiyo ni ya dukani, si ya bizari. Wengine wanasoma, wanarudisha sabuni mezani.

Juzi mwenye duka la vipodozi hapa Molo aliniambia atanichukulia nyingi nikiliondoa lile neno kostiki. Alisema mtu hanunui sabuni ili ajue kilichomo, ananunua ajisikie vizuri. Nikamwambia basi auze nyimbo. Hata hivyo alichukua vipande vichache vya kujaribu, akavipanga kwenye rafu ya chini kabisa, maandishi yakitazama ukuta. Nilingoja ageuke kumhudumia mteja, nikainama, nikavigeuza vyote.