Sema Unachokiona

Katika chuo cha udereva alikofundisha, wanafunzi walimwita Mzee Breki, naye hakuchukia. Gari la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mguu wake haukubanduka kwenye ile ya kwake tangu asubuhi hadi jioni. Watu walisema hata kitandani analala amekanyaga. Alikuwa mtu wa shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, na sheria moja: anayeendesha lazima aseme kwa sauti kila anachokiona mbele yake. "Sema unachokiona," alimwambia kila mwanafunzi. "Usichokisema hujakiona." Basi mitaa ya jirani na chuo ilikuwa na vijana wanaopita mwendo wa kobe huku wakipayuka: mbuzi kulia, mama na mtoto, shimo, baiskeli, shimo jingine.

Mkewe naye alipitia mikononi mwake. Alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mchumba, akafelishwa mara mbili kwa kusitasita, mara ya tatu akapata leseni na posa juu yake. Tangu hapo leseni ilikaa mkobani na usukani ukakaa kwa bwana. Ukimuuliza Mzee Breki kwa nini, angekujibu kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mkewe hakubisha, ila leseni ilipokwisha muda aliihuisha, na ilipokwisha tena akaihuisha tena, wala hakueleza ya nini.

Mwaka huo macho ya Mzee Breki yaliingia ukungu. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji wake si mkubwa, lakini mpaka ufanyike asishike usukani. Aliitikia kwa kichwa, akamshukuru daktari, akatoka, akaendesha gari mpaka nyumbani. Kazini aliomba likizo. Nyumbani hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa ameshawaahidi watoto safari: kwa shangazi yao, kwa rafiki yake wa zamani, halafu mbuga ya wanyama. Na kwa sababu nyingine pia, ambayo hata mwenyewe hakutaka kuisikia: aliogopa. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kutazama barabara, akiambiwa kisu kitagusa jicho, hujifanya hakusikia vizuri.

Akajitafutia dawa yake. Binti yao mkubwa, aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuna kesi aliyokubali kushindwa, alikalishwa kiti cha mbele. "Umekua, karibu utaendesha," baba akamwambia. "Anza mazoezi. Sema unachokiona." Mama na kitindamimba wakakaa nyuma na kapu la chakula.

Wakili akasema. "Lori mbele, linapunguza mwendo. Ng'ombe kushoto. Kibao, kona kali. Tuta, baba, tuta!" Baba akapunguza, akakwepa, akapanda tuta kwa heshima zote. Kwa shangazi walifika salama. Shangazi akawatandikia watoto magodoro sebuleni, akamlalamikia kaka yake kwamba amekonda, na asubuhi akawabebesha mto ambao hakuna aliyeuomba. Mzee Breki akaondoka pale akijiona mjanja.

Mambo yaliharibika kwa rafiki. Huyu alikuwa mwalimu mwenzake aliyestaafu akafungua duka la vipuri, na mbele ya nyumba yake alilea bustani ya maua aliyoipenda kuliko duka. Wakili alishuka kufungua geti, na kabla hajarudi, baba akaegesha gurudumu moja juu ya maua. Rafiki alicheka, kicheko cha kujikaza. Walipokaa mezani Wakili akaona pa kutia utani.

"Msimlaumu baba. Macho yake ni mimi. Nikinyamaza, hata nyumba haioni."

Meza nzima ikacheka, isipokuwa Mzee Breki. Aliweka kijiko chini. "Mdomo huo," akasema mbele ya wote, "ufunge!"

Ukimwambia wakili afunge mdomo, anaufunga kisheria. Kesho yake, njia nzima, binti alikaa kiti cha mbele kama gunia la mchele. Aliyejaza pengo ni mama, kutoka nyuma, kana kwamba anapiga soga tu: "Lo, kile kibao kimeandikwa daraja jembamba. Na yule wa baiskeli mbona haangalii?" Hivyo hivyo wakafika kwenye lango la mbuga, ambako mlinzi aliwasomea masharti: msishuke njiani, msiende mbio, msipige honi.

Ndani njia ilikuwa ya vumbi. Jua la mchana lilipiga kioo, na mbele ya Mzee Breki dunia ikawa nyeupe kama shuka. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi, kitindamimba mapajani mwake.

"Sema unachokiona," baba akamwambia Wakili kwa sauti ya chini.

Wakili akakunja mikono kifuani.

"Nazungumza na wewe."

"Si uliniambia nifunge?" Wakili akaliambia dirisha la pembeni, akafunga tena.

Mbele pakatokea kitu kikubwa cha kijivu katikati ya njia. Lori, akawaza Mzee Breki. Limeharibika, na dereva hata pembetatu hakuweka. Akasogea, akasimama nyuma yake, akangoja kwa adabu. Lori halikwenda. Sheria za mlinzi zikamtoka kichwani, zikabaki zile alizofundisha mwenyewe, kwamba honi ni salamu, si tusi. Akapiga mara mbili, fupi fupi. Lori likageuka, likatandaza masikio.

Wakili alifungua mdomo, sauti isitoke. Mama aliamshwa na honi, akaona, akageukia dirisha la nyuma bila kupiga kelele.

"Mwalimu," akasema, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu siku za leseni. "Weka rivasi. Achana na kioo, nisikilize mimi. Achia klachi taratibu. Nyooka. Kushoto kidogo. Nyooka sasa, nyooka, endelea."

Ilikuwa sauti ileile kavu aliyosemeshwa mama zamani alipokuwa mwanafunzi, na Mzee Breki, ambaye mbele na nyuma kwake vilikuwa kitu kimoja, akatii kila neno. Tembo aliwafuata kidogo, akapuliza vumbi, akaona hawana maana, akarudi kwenye majani yake. Gari lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye uwanja wa kupumzikia wageni, likazimika.

Wakili alikuwa analia. "Nilimwona tangu mbali, baba. Nilidhani na wewe unamwona."

"Sikumwona," akasema Mzee Breki.

Mama akashuka, akafungua mlango wa dereva. "Shuka."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipolisalimia koti la jirani kwenye kamba. Ulisimama ukaliuliza hali ya watoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Na nimekosa, maana nimekungoja na watoto wakiwa humu ndani."

Mzee Breki aliachia usukani. Alishuka, akazunguka gari huku akilishika kwa mkono, akaketi upande wa abiria, Wakili akahamia nyuma. Mama akawasha. Gari likaruka, likazimika. Likawashwa, likaruka, likazimika tena.

"Ningekufelisha," akasema Mzee Breki.

"Kwanza nikupeleke kwa daktari, upate macho ya kunifelishia."

"Nipeleke," akasema.

Safari hii likaenda. Mguu wake ulipapasa sakafu ukitafuta breki ya mwalimu. Gari la nyumbani halina. Ukapapasa tena, kisha akauvuta, akaukunja chini ya kiti.

"Sema unachokiona," akasema kwa mazoea.

"Njia. Vumbi. Nyasi pande zote mbili," mama akasema, akapunguza mwendo. "Twiga. Wakubwa wawili na mdogo, wanavuka."

Miaka yote alikuwa akiyasikiliza maneno hayo ili akamate kosa. Sasa aligeuza uso upande wa twiga, kwenye ule weupe, akauliza, "Huyo mdogo yukoje?"

Kutoka nyuma Wakili akaanza kumweleza, na hakunyamaza mpaka langoni.