Suruali za Paskali kwenye Uzio wa Minyaa

Mwaka ule nyumba yetu ya Dirma ilinuka sabuni ya mche, jivu, na kitu cha tatu ambacho Mama hakutaka kitajwe mbele ya wageni. Kila asubuhi, kabla upepo wa Mlima Hanang haujaanza kutuchapa, uzio wetu wa minyaa ulikuwa umeshavaa suruali za mdogo wangu, nne au tano, zikichuruzika maji. Mpita njia angedhani tuna kundi la wavulana wapenda usafi. Alikuwa mmoja tu, Paskali, miaka minane, mwenye usonji na maneno yasiyofika kumi, na haja zote zilimtokea nguoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mdomo wa watu watatu. Wenzangu walipouliza ile harufu, niliwaambia tunafuga fisi.

Shida ilikuwa shule. Mwalimu mkuu alikuwa amemrudisha Paskali nyumbani Januari mbili mfululizo, na wala hakuwa mtu mbaya. "Mama Paskali, darasa lina watoto themanini na mwalimu mmoja. Akijua choo, mlete hata kesho." Mama alisema asante, akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani. Januari ya tatu wangemwona mkubwa mno kuanza darasa la kwanza. Kwa hiyo tulikuwa na muda wa kuanzia kupiga mbaazi, Septemba, hadi shule kufunguliwa Januari, basi.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Baba alisema ni kiburi. Bibi, mama yake Baba, alichungulia suruali, akaona majimaji, akatoa hukumu: mtoto anaharisha, afungwe tumbo. Maziwa yakakatazwa, mboga zikakatazwa, maji yakawa ya kuonjeshwa. Paskali akala ugali mkavu kwa chai ya rangi iliyokolezwa hadi ikawa nyeusi. Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki neno. Nawaheshimu sana wahenga, ila hawakuwa na zamu ya kufua. Kadiri tulivyomfunga tumbo ndivyo nguo zilivyozidi, na yeye akaanza kujigonga kichwa ukutani. Nilimwona Bibi akimnyang'anya kikombe cha maji huku machozi yanamtoka. Alimpenda kweli, na alikuwa anamuumiza kweli.

Mama alimpeleka zahanati kwa kisingizio cha kikohozi, nami nikafuatana nao, maana hata kwa muuguzi aliona aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tuliumbuliwa na harufu. Muuguzi, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara, alimbonyeza Paskali tumbo, akasimama.

"Mama, huyu haharishi. Amefunga choo."

"Amefunga vipi, Nesi? Mbona yanatoka maji?"

"Choo kigumu kimeziba njia, majimaji yanapenya pembeni. Yeye hata hayasikii yakitoka. Watoto wengi wa hali yake mwili unachelewa kuwaambia, au unawaambia wasielewe. Si kiburi, Mama."

Akatupatia dawa ya kulainisha choo, akaamuru maji, mboga na matunda, kisha akauliza, "Chooni anaogopa nini?" Hakuna aliyewahi kujiuliza.

Kesho yake niliingia naye. Choo chetu kilikuwa giza, tundu lake pana kama linakusubiri, na mlango wa bati ulipigwa na upepo, pwaa! Paskali akaziba masikio, akaganda. Nilimtolea vichekesho vyangu vyote, hakucheka hata kimoja. Bati likalia tena, akatoka mbio. Hapo nikaelewa. Jioni nilikata kwa koleo nyaya zilizoushikilia mlango, nikaung'oa, nikaning'iniza gunia mahali pake.

"Nani kang'oa mlango wangu?" Baba akauliza.

"Upepo, Baba."

"Upepo una koleo?"

Nikasubiri kiboko. Nilipomweleza, alichukua msumeno, akakata tundu kwenye kigoda chake mwenyewe, akakiweka chooni ili mtoto akae miguu ikigusa chini. Mimi nikachora ukutani kwa mkaa: vua, kaa, jisafishe, nawa. Kila asubuhi baada ya uji tulikwenda kukaa. Wiki ya tatu lile tulilolisubiri likatokea. Bibi alifungua kinywa apige vigelegele, Mama akamziba, maana Paskali hawezi kustahimili kelele. Basi watu wazima na akili zao wakacheza ngoma ya kimyakimya nje ya choo.

Januari ilipofika, bado suruali mbili zilikuwa zinafuliwa kila siku. Mwalimu mkuu akauliza, "Ameshajua?" Mama hakudanganya. "Anajifunza, Mwalimu. Nguo za kubadili hizi hapa. Dada yake atamtazama kila mapumziko." Hakuna aliyeniuliza mimi. Mwalimu alikitazama kile kifurushi, kisha akafungua daftari na kuandika: Paskali.

Sasa niko kidato cha tatu, yeye ana miaka kumi na minne. Hajapona, kwa sababu usonji si kikohozi. Akiugua au ratiba ikivurugika, nguo zinalowa, tunabadilisha, tunaendelea. Wakati ule niliona tunamfundisha yeye. Leo naona ni sisi tuliokuwa darasani, na tulifeli sana kabla ya kufaulu. Juzi nilirudi likizo, nikamfuata chooni kwa mazoea. Akanitazama, akashusha gunia mbele ya pua yangu, akasema neno moja: "Toka."

Nikatoka.