Ngoma Kati ya Maboga

Miaka ile biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, kila kitu Bariadi kilipata mshindani, kanisa letu likiwamo. Nyuma ya soko walokole walifunga turubai, jenereta na vipaza sauti. Sisi Waanglikana tulibaki na mabenchi. Mimi muuza mitumba nina ugonjwa wa kuhesabu mara mbili. Jumapili nilihesabu waumini, nikarudia nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Kwaya iliongozwa na mdogo wangu wa kike. Alitaka ngoma, basi. Mzee wa kanisa alikataa kila kikao.

"Ngoma ni ya wacheza nyoka," alisema. "Hapa ni nyumba ya Bwana."

"Na kule kwenye turubai Bwana hafiki, baba?" mdogo wangu akamuuliza.

Tulipotoka nje akanigeukia. "Kaka, Krismasi ikinikuta bila ngoma, nahama. Vijana waliobaki nao wananifuata."

Walinichosha wote wawili. Yule alilinda ukimya kama zizi la ng'ombe. Huyu alinifanyia ujanja niliomfundisha mwenyewe sokoni: geuza mgongo, uitwe. Ila safari hii niliona hageuzi mgongo ili aitwe.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu kila mtu huleta madhabahuni alichonacho: mtama, jogoo, viazi. Mchungaji anabariki, kisha tunanadi nje, na mnadi ni mimi. Mnunuzi anayejiheshimu habebi kitu nyumbani. Analipa, anatamka "narudisha kanisani," anapigiwa vigelegele, na kitu kinabaki mali ya kanisa. Mzee wa kanisa alivipenda vigelegele hivyo kuliko chai.

Siku hiyo tulikuwa na wageni kutoka kanisa la Mkula, na kati ya maboga ya kijiji cha Ngulyati ilikaa ngoma mpya ya ngozi ya ng'ombe. Mchungaji akabariki vyote kwa mkono mmoja.

"Iondoe hiyo," mzee alininong'oneza mnadani.

"Imeshabarikiwa, baba. Haiondoki mpaka inadiwe."

"Basi nainunua mimi. Ikakae kwangu, initunzie mahindi."

Vijana walichanga wakataja bei. Akapanda. Wakapekua mifuko tena. Akapanda. Nilirefusha mnada kwa kila mbinu ya mitumba, nikamsifia hata mshono wa ngozi, mpaka vijana wakaishiwa. Nikagonga. Mdogo wangu akaanza kufungua kitambaa chake cha kwaya.

Mzee akalipa, akainua ngoma juu. Akina mama, kwa mazoea tu, wakapiga vigelegele. Naye, kwa mazoea yale yale, kifua mbele:

"Narudisha kanisani!"

Kisha akaanza kuishusha ngoma. Nikamwahi. "Umerudisha nini, baba? Wageni wa Mkula hawajasikia."

Alitazama wageni, akatazama ngoma. Kuyala maneno yake mbele ya watu wa Mkula? Hapana.

"Ngoma," akasema, kama mtu anayetema mbegu ya limao.

Mdogo wangu hakuhama. Lakini mzee, kwa kuwa ndiye mtoaji, alijipa ulinzi wa ngoma. Inalala kwake. Huileta mwenyewe kwenye keria ya baiskeli, taratibu, akisalimia kila boma njiani, na akifika anaagiza ipigwe kidogo.

Kila Jumapili ibada inapoanza, mdogo wangu ananiita mlangoni.

"Kaka, anaonekana?"

"Bado."

"Ah! Basi tuanze na ule wimbo wa polepole."