Zuhura, Damu Yangu Ilinisema Kwako

Bado akili inakataa. Presha imemchukua Zuhura ghafla Jumatano, jana tumemzika, na leo nimeshika simu nimpigie nimpe habari ya Kariakoo.

Kwa msiomjua, alikuwa mtu wa maabara Upanga, mshkaji wangu tangu tumepanga nyumba moja. Alikuwa kwenye research: kuna protini kwenye damu kiwango chake kinapanda pale bakteria wakishaingia mwilini, hata kabla hujazidiwa. Akianza kuieleza hiyo, chai yake inapoa.

Alihitaji pia damu za wasioumwa, za kulinganishia. Akaja na kiti cha plastiki, akakaa mbele ya duka langu la vitasa hapa Kariakoo. Watu wakamkimbia. "Siumwi, damu yangu unaipeleka wapi?"

Nikamwonea huruma, nikatoa mkono.

"Unaumwa popote?"

"Mzima kabisa."

Uongo mtupu. Siku tatu nyuma bati lilinikata mguu. Nimeufunga kitambaa ndani ya soksi, nimemeza rangi mbili chache, zile antibiotiki za duka la dawa, basi, biashara iendelee.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo simu ikaita, Zuhura. Hata salamu hakuna. "We Mmakonde, vua kiatu."

"Cha nini?"

"Kipimo chako kiko juu sana. Na nilikuona unachechemea, kuna kitu unanificha. Vua, nakuja."

Alikuja na bajaji mwenyewe, akanipeleka hospitali huku ananisema njia nzima. Daktari akasema maambukizi yalishaanza kupanda. Ningesubiri mpaka homa inilaze, mguu ningeupoteza, pengine na roho.

Zuhura akakaa pembeni ya kitanda. "Umenidanganya mimi, damu imekataa. Na kwenye listi nimekufuta, nilitaka wazima." Akacheka mpaka akalia. Nami nikalia, sioni aibu kusema.

Nilipopona nilimwonyesha kila jirani kovu. Bado walimkwepa. Kuna siku aliondoka na sampuli mbili tu, kanuna.

Sasa sikia, Zuhura. Leo wenzako wa maabara wamekuja na kile kiti. Mzee Selemani wa mabeseni, yule aliyekuwa anakukimbia kuliko wote, ndiye aliyekaa wa kwanza. Foleni imepita duka langu, imekata kona.

Nimesimama mlangoni nawauliza swali lako: unaumwa popote? Wanavua viatu wenyewe.

Mguu niliosimamia ni wako. Lala salama rafiki yangu, kiti chako leo hakijapoa.