Pombe ya Posa Niliyoiziba kwa Nta

Jamani, aibu nyingine mtu huzizoea, lakini hii yangu ya Nduruma nikiikumbuka naangalia chini hata nikiwa peke yangu.

Zama hizo za Mjerumani nilikuwa nasoma shule kule Tanga, nikarudi likizo kwetu Sekei na somo moja jipya kichwani, kwamba hewani kuna vijidudu visivyoonekana na ndivyo vinavyoharibu vyakula na vinywaji (mwalimu alituonyesha kwa darubini, mimi niliona kope zangu tu, lakini niliandika kwamba nimeviona). Sasa asubuhi ya kupeleka posa yangu Nduruma kwa kina Naserian, binti niliyetaka kumuoa, nikakuta baba ameweka pombe ya asali kwenye kibuyu kikubwa, juu kafunika majani tu. Nikasema hapana, vijidudu vitaingia.

"Kama havionekani," mama akauliza, "wewe umeviona wapi?"

"Tanga, mama."

Akarudi kwenye moto wake, maana Tanga hakuwahi kufika. Baba, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea mambo ya Wazungu, akasema mwacheni msomi afanye. Basi nikachonga kizibo, nikakigongomea, nikamwagia nta pembeni, nikakaza kwa ukanda wa ngozi, nikakibeba kibuyu mwenyewe mgongoni nyuma ya baba kuteremka mpaka Nduruma juani, nikiruka mifereji, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo nacho kilivyozidi kunung'unika. Nikadhani ni vijidudu vinalalamika kwa kukosa njia ya kuingia. Nilifurahi.

Wazee walikuwa wameketi uani, Naserian na dada zake wakichungulia mlangoni. Baba yake, Mzee Loishiye, akakiinamia kibuyu.

"Mbona kinalia?"

"Ni usafi huo, mzee," nikajibu, nikakata ukanda.

Kizibo kilimpita mzee sikioni kikatoboa paa la banda la mbuzi, na kwa kuwa siku hizo mlio kama ule ulikuwa na maana moja tu, kwamba askari wa bomani wamefika na bunduki, wazee wote wakalala kifudifudi kwenye mavi ya mbuzi, baba yangu akiwemo, mbuzi wakavunja ua wakatoka, na pombe ikatunyeshea sote bila ubaguzi. Nilibaki nimesimama peke yangu, nimeshika shingo ya kibuyu (kibuyu chenyewe hakikuwepo tena).

Mlangoni mtu akacheka, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa Naserian.

Mzee Loishiye akainuka, akajipangusa, akalamba kiganja. "Ilikuwa tamu," akasema. "Nendeni. Mkileta nyingine, msomi abaki nyumbani."

Posa ilikubaliwa baada ya mavuno, mimi nikiwa Tanga. Nasikia Naserian ndiye aliyewaambia wazee kwamba mwanamume wa kumchekesha hivyo hatampata tena.

Muhula huohuo mwalimu akaanza somo la gesi, akaeleza kwamba pombe inayochacha hutoa gesi, na ukiiziba gesi hiyo hutafuta njia kwa nguvu. Akauliza kama kuna kati yetu aliyewahi kuona jambo hilo kwa macho yake.

Sikunyosha mkono. Niliapa tu moyoni kwamba kuanzia hapo, nikijua jambo nusu, nitanyamaza mpaka nusu ya pili ifike.